Kigoma Ni Mbali na Wapi

Mjukuu wangu aliporudi kutoka Dar es Salaam alishuka kwenye bajaji na mabegi yake, laptopu kaikumbatia kifuani kama mtoto mchanga wa jana. Mimi nilikuwa barazani kwangu hapa Ujiji, nachambua dagaa. Nikamtazama juu mpaka chini, nikamuuliza, "Mke mwenza, umekuja kusalimia au umekuja kurithi?"

Kwetu mjukuu wa kike ni mke mwenza wako. Mnagombania babu, hata kama babu mwenyewe yuko kaburini na hana habari na mmoja wenu. Akacheka, akaniamkia, akakaa kwenye mkeka na viatu vyake vya mjini. Akasema, "Bibi, nimekuja kufungua startapu."

Mimi nikasikia stara tupu.

Nikainua mikono yenye magamba ya dagaa. Alhamdulillahi! Nikamwita jirani yangu wa ukutani, "Njoo usikie! Mtoto kaenda Dar miaka yote hiyo, karudi anataka stara tupu!" Jirani hakungoja maelezo, akapiga kigelegele kwanza, halafu ndiyo akauliza mwanamume ni wa ukoo gani.

"Bibi, siyo ndoa," mtoto anasema, kajifunika uso. "Startapu. Ni biashara changa. Inaanza na wazo."

"Duka liko wapi?"

"Haina duka."

"Mzigo?"

"Haina mzigo."

"Mezani utaweka nini, watu wakija?"

"Hakuna meza, Bibi. Iko kwenye simu."

"Basi ni stara tupu kweli," nikamwambia. "Haionekani popote."

Jirani akarudi kwake amenuna. Kigelegele chake kilikuwa kimeshatoka, hakirudishiki.

Mimi shule sikwenda. Haya maneno nayasema tu, simu inaandika, na ikikosea hayo ni yake na Mungu wake. Lakini sauti za watu zinanikaa. Mtu akinipitia hapo barazani akasema neno moja, mimi jioni ninaye. Mwenyekiti wetu wa mtaa hawezi kusema jambo bila kukohoa kwanza, kama pikipiki inayotafuta moto: kho, kho, khooo, "ndugu wananchi." Ninaye. Mke wa mwuza mkaa anaongea huku anavuta hewa ndani, kama kila neno lina pilipili. Ninaye pia. Msibani hawanikalishi mbele. Siku moja nilimwiga marehemu mwenyewe alivyokuwa akiita chai, mjane wake akaitika "Abee!" na kunyanyuka, kabla hajakumbuka kwamba tumetoka kumzika. Tangu hapo nakaa jikoni na masufuria.

Basi mtoto akachukua chumba cha mbele, ambacho marehemu mume wetu, wangu na wake, alikuwa akiuzia vitenge. Akafagia, akaweka mkeka, kiti cha plastiki, na waya nyingi mpaka kuku wakaogopa kupita. Akanieleza kazi yenyewe. Kuna namba. Unapiga. Ndani ya simu kuna mashine inapokea, unaiambia kwa mdomo wako unatafuta nini: dagaa, mawese, muhogo, boti ya kwenda wapi. Yenyewe inakujibu kwa sauti: anacho fulani, yuko mahali fulani, hii hapa namba yake. Huna haja ya kusoma wala kuandika.

Nikamwambia, "Hiyo kazi tayari ninaifanya mimi, bure, hapa barazani."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, Bibi," akasema.

Ana ulimi wa asali huyo. Kautoa kwa babu yake.

Nikamuuliza mbona hakuiweka huko Dar, kwenye majumba ya vioo. Akasema waliiweka. Walikuwa na ofisi ghorofani, yeye na wenzake, na chumba hicho hicho kina vijana wengine na biashara zao changa, kila mmoja na kikombe cha kahawa, wanaonyeshana vitu walivyotengeneza. "Kila mtu fundi, Bibi. Mteja hamna."

"Soko lenye wauza nyanya tu," nikasema.

"Hivyo hivyo. Na mteja wetu anayepiga, hatumjui. Akikata simu tunaona tu mstari kwenye kioo umeshuka. Kwa nini umeshuka? Hakuna anayejua. Tunakaa kikao."

Akawaambia wenzake, mimi naipeleka kwetu, ambako mwenye dagaa, mwenye mawese na mwenye boti wote wanaonana kwa macho. Wenzake wakasema Kigoma ni mbali. Mwisho wakamwachia msimu mmoja, huu wa mawese. Watu wakiipiga hiyo namba, sawa. Wasipoipiga anafunga, anarudi ghorofani kukaa vikao.

Hilo aliniambia huku anamenya muhogo, hakuinua macho. Na mimi sikumwambia abaki. Mjukuu ukimwambia "baki" ndiyo unamkumbusha njia ya stesheni. Nilimwambia tu muhogo haumenywi kama chungwa. Lakini moyoni nilishaanza kuuombea msimu wa mawese kama vile mimi ndiye mwenye michikichi. Nilikuwa nimepika ugali wa mtu mmoja kwa muda mrefu, na ugali wa mtu mmoja haupikiki vizuri, unashika sufuria.

Watu hawakuipiga. Tuseme ukweli, waliipiga, wakakata. Wengine mara moja tu, hawakurudia. Mtoto anakaa mbele ya kioo chake, anasema, "Bibi, nahitaji mrejesho."

Nikasimama hapo hapo. "Nani anakurejesha?"

"Hakuna anayenirejesha. Mrejesho. Watu waniambie wameonaje."

"Waulize."

"Nawauliza nani?"

Nikamwonyesha barabara. Mtaa mzima unapita pale.

Lakini yeye akawa na wazo lingine. Akaniambia, "Bibi, wewe unawajua wote. Hebu ongea na mashine kama wao, nione inakwama wapi." Jamani! Maisha yangu yote watu wananifukuza kwa sababu ya kuiga, leo naombwa! Nikafunga khanga vizuri, nikakaa kwenye kiti cha plastiki, nikashika simu.

Nikaanza na mama wa Kongo anayevuka na vitenge: "Allo, mama? Minatafuta dagaa mingi, ya kukauka muzuri. Iko? Ao haiko?" Mashine ikasema kwa sauti ya msichana wa kwenye redio, yule asiyewahi kutafuna kitu: "Karibu. Tafadhali sema hitaji lako." Nikasema tena. Ikajibu, dagaa wako Kibirizi. Mtoto akapiga makofi.

Nikamweka mvuvi mmoja mzee asiye na meno. Mashine ikasema, "Samahani, sijakuelewa." Na mimi pia simwelewi, hapo hatukuilaumu.

Halafu nikamweka mama wa Mwandiga. Huyu ni mama anayekamua mawese, ndiye anayeniletea mafuta miaka yote, Muha wa kweli kweli, na ni rafiki yangu kwa kutukanana. Waha salamu yao ina makofi. Anainama kidogo, anakutanisha viganja taratibu, pa, pa, pa, na kila kofi lina neno lake. Nikaweka simu kwenye mkeka, maana huyu anahitaji mikono yote miwili, nikainama:

"Mwakeye! Mwakeye neza?" Pa, pa. "Amahoro?" Pa, pa, pa. "Abana ni amahoro?" Pa.

"Samahani," mashine inasema, "kuna kelele."

"Amahoro?" Pa, pa.

"Samahani, sijakuelewa. Kwaheri."

Mtoto anacheka mpaka kalala kwenye waya zake. Na mimi nikaongeza chumvi, nikaweka na ile sauti yake ya kukaza mwisho: "Eee! Mbona kanikatia! Mtoto gani huyu hana mama?"

Mlangoni mtu akasema, "Nani huyo ananisema nikiwa hai?"

Alikuwa mama wa Mwandiga mwenyewe, na ndoo ya mawese kichwani.

Nikatamani ardhi inimeze, lakini ya Ujiji ni mchanga, inachelewa. Yeye akashusha ndoo polepole. Akaangalia simu pale kwenye mkeka. Akaniangalia mimi nimeinama, viganja vimekutana. Nikadhani leo mafuta yananimwagikia kichwani.

"Unakosea," akasema. "Mimi siinami hivyo. Hivyo anainama mtu mwenye mgongo mbovu. Mimi naitwa na watu nifundishe mabinti kuamkia."

"Nionyeshe basi."

"Nyie watu wa Ujiji! Salamu yenu fupi kama mkia wa mbuzi, haifuniki kitu. Sogea."

Akapiga magoti mbele ya simu, akaonyesha. Kweli, nilikuwa nakosea, mikono yangu ilikuwa juu mno. Alipomaliza akakaa kwenye mkeka bila kuambiwa, akamgeukia mtoto. "Hii ndiyo namba yako wewe? Mimi niliipiga. Nikaiweka chini ili niiamkie kwa heshima. Haikuitika. Nikasema labda mtu yuko shambani, nikamwamkia tena. Akasema mimi ni kelele. Mimi!" Akajigonga kifua. "Nikasema huyo msichana aliyemo humo ndani kalelewa na nani? Mtu asiyeitikia salamu nitamwambia mafuta yangu yako wapi? Akija kuniibia je?"

Mtoto alikuwa ameshaacha kucheka. Alikuwa anaandika. Akauliza, "Mama, na wenzako wa kule?"

"Wote walikata. Tuliongea kwenye kukamua. Yule jirani yangu anasema kamwamkia mpaka salio la uvumilivu likaisha."

Basi siku ile hatukula mchana mapema. Mama wa Mwandiga alieleza salamu inaanzia wapi na inaishia wapi, mtoto anauliza, akikosea anapigwa kofi la mkononi kidogo, siyo la kuumiza, la kufundisha. Mimi kazi yangu ilikuwa kupika na kupinga. Nilipinga kwamba salamu ndefu ni kupoteza muda wa mtu. Mama wa Mwandiga akaniambia muda wako wewe una kazi gani. Nikaenda kukoroga sombe, kisamvu chetu cha huku.

Jioni jirani wa ukutani naye akaja, kasikia kuna kusema kasoro za watu, akasema kasoro yake: ile sauti ya msichana inamtisha, kama ya hospitali inayoita jina lako. Akaja mwuza mkaa pia. Akaja mtu ambaye hata hajawahi kuipiga namba, lakini ana maoni. Mtoto aliwaandika wote. Nikamwambia, "Si ulitaka mrejesho? Sasa waulize watarejea lini makwao."

Akasema, "Bibi, Dar ningelipia hiki kitu." Macho yanang'aa kama kapewa mahari.

Ile sauti ya msichana wa redio ikatolewa, ikawekwa yangu. Nilikaa chumbani, dirisha limefungwa, godoro limeegemezwa mlangoni kuzuia sauti ya kuku, nasema "Karibu mwanangu" mpaka neno lenyewe likapoteza ladha. Jogoo wangu mmoja yumo humo ndani ya mashine mpaka leo, hakutoka. Na mashine ikafundishwa kuitikia salamu, kungoja, na kusikia makofi kama makofi. Ikimaliza kuitikia ndiyo inauliza: "Haya, leo tunatafuta nini?"

Wakaanza kupiga. Nilijua kabla ya kile kioo chake. Nilikwenda sokoni, mtu akanipita, akasimama, akarudi, akanitazama mdomo. "Bibi," anasema, "wewe si ndiye wa kwenye simu? Mbona jana umenipeleka kwa yule mwenye muhogo mchungu?" Nikawa naulizwa mambo ya mashine kama vile nalala humo. Watu wa Kibirizi wanapiga hata hawana shida ya kitu, wanataka kuitikiwa tu. Mtoto akasema hiyo siyo nzuri, inachosha mashine. Nikamwambia mwache mtu aitikiwe, hajaomba ng'ombe.

Sasa, msimu haujaisha, akaja bwana wa Dar. Ndiye mkubwa wa wenzake, ndiye wanayemsikiliza kwenye fedha za kampuni. Alikuja kwa ndege, shati limenyooka. Kijana mwenye adabu, aliniamkia vizuri, sina la kumsema. Isipokuwa hana sentensi isiyo na "kimsingi."

"Kimsingi, Bibi, tunashukuru sana."

"Karibu, mwanangu. Kimsingi kaa."

Mjukuu wangu akanikata jicho.

Akasema anataka kuijaribu namba mwenyewe, hapo hapo. Akapiga. Nikajisikia mimi nikisema kutoka mkononi mwa mtu, "Karibu mwanangu."

"Bei ya mawese, Mwandiga," akasema, kwa haraka ya mtu wa Dar, kama daktari kamngoja.

"Aaa. Umeamkaje?" nikasema, yaani mimi wa kwenye simu.

"Bei ya mawese, Mwandiga."

"Nyumbani hawajambo?"

Akatuangalia, sisi tukaangalia dari. "Hawajambo," akasema. Halafu taratibu, "Mama ana mafua kidogo." Halafu, wallahi, sikumlazimisha: "Na wewe, Bibi, hujambo?"

Na mimi halisi niko mbele yake na bakuli la dagaa! Nikaitika, "Sijambo, mwanangu!" Akashtuka, akaangalia simu, akaniangalia mimi, hajui amjibu nani. Tulicheka mpaka yeye mwenyewe kiti cha plastiki kikamponyoka. Mtoto akasema, "Bosi, hilo tutalirekebisha, mtu akiwa na haraka imwachie apite." "Liache," akasema, anajipangusa machozi. "Kimsingi, liache kwanza."

Akatazama mistari kwenye kioo, akakuta imepanda. Akafurahi. Na furaha yake ndiyo iliyotaka kunipoteza, maana alifunga laptopu, akasema:

"Hii iko tayari. Sasa turudi nayo Dar. Kimsingi Kigoma imefanya kazi yake. Changamoto ya hapa ni umbali tu."

Nikamwangalia mtoto. Yeye anaangalia mkeka. Msimu mzima nilikuwa naogopa ishindwe, wasije wakamchukua. Kumbe na ikishinda wanamchukua.

Nikamwambia yule bwana, "Mwanangu, Kigoma ni mbali na wapi?"

"Na Dar, Bibi."

"Ehe. Ziwa liko pale, unaliona. Kongo ng'ambo. Burundi unapanda gari unashuka. Zambia unalala kwenye meli mara mbili, unaamkia huko. Reli inaishia pale chini, au inaanzia, kutegemea umezaliwa wapi. Mawese Mwandiga, dagaa Kibirizi, muhogo kila mahali mpaka kero. Sasa niambie nani yuko mbali, sisi au Dar?"

Akacheka kwa heshima. Cheko la kumcheka bibi, siyo la kukubali. "Kweli, Bibi," akasema, "lakini wenye mitaji wako Dar."

Hilo nalo ni kweli. Mtoto akasema atafikiri, akaenda uani kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Ndipo akaja mwenye boti wa Ilagala. Huyu maisha yake yote anaongea akiwa juu ya injini, kwa hiyo hata akikunong'oneza anadhani uko ng'ambo ya ziwa. Alianza kuongea akiwa barabarani.

"BIBI! TOKA NIKUONE! UMENIPELEKA WAPI WEWE?"

Kaingia na dumu tupu la petroli, analigonga kwenye mlango, gbo, gbo.

"Karibu, baba, kaa."

"SIKAI! JANA NIMEPIGA, NIKAKUAMKIA VIZURI, UKANIITIKIA VIZURI, NIKAKWAMBIA NATAFUTA MAFUTA. UKASEMA MWANDIGA! NIMEPANDA BODABODA NA DUMU LANGU MPAKA MWANDIGA, NAKUTA MAMA KAKAA NA PIPA LA MAWESE! ANANIAMBIA LETE DUMU NIKUJAZIE! INJINI YANGU IMEKUWA SAMAKI? NITAIKAANGA?"

Bwana wa Dar alifunika mdomo kwa mkono. Hapa kwetu ukisema mafuta, mwenye sufuria anasikia mawese, na mwenye boti anasikia petroli. Sisi tunajua kwa kumtazama mtu kashika nini. Mashine haioni dumu.

Mtoto katoka uani, mikono ina povu. Hakujitetea. Akasema, "Baba, samahani. Uliiambia mafuta tu, au mafuta ya boti?"

"MAFUTA! MIMI NAFANYA KAZI GANI? KILA MTU ANANIJUA!"

"Mashine haikujui, baba."

"INIJUE!"

Hapo bwana wa Dar akafungua laptopu. Hakusema kimsingi. Akasogea kwenye mkeka, shati lake lote, akamwuliza yule baba taratibu: mkiwa Ilagala mnasemaje? Na wenye mashine za kusaga? Na yule anayetaka ya taa? Baba naye akakaa sasa, kasahau kwamba hakai, anajibu kwa ule ukelele wake, mpaka wapita njia wanasimama kuchangia. Mmoja akasema yeye akisema mafuta ana maana ya kujipaka. Mjukuu wangu na bosi wake wamegusana vichwa kwenye kioo, huyu anasema jaribu hivi, yule anasema hapana, iulize kwanza. Mimi nikaitwa kusema maneno mapya. Nikasema kwenye simu, jogoo akanisaidia: "Mafuta ya sufuria, au ya mashine?"

Nikampakulia mwenye boti ugali na samaki wetu migebuka. Hajamaliza sahani, wakamwambia haya, piga. Akapiga kwa mkono wa kushoto, wa kulia una ugali. Akaamkia, akaitikiwa. "MAFUTA!" Ikamwuliza ya sufuria au ya mashine. Akasema ya mashine. Ikamwambia aende wapi, na hapakuwa mbali na alipoacha boti yake.

"SASA UMEKUWA MTU," akaiambia simu. Akanawa, akachukua dumu, akaaga, na barabarani bado tunamsikia anamsimulia mtu.

Bwana wa Dar akabaki amekaa na tone la mchuzi kwenye shati. Akasema, kama anajisemea, "Huyu angekuwa mteja wetu wa Dar, angekata simu. Tungeona mstari umeshuka."

"Mngekaa kikao," nikasema.

Mjukuu wangu alikuwa bado amesimama. Akajifuta mikono kwenye khanga, akasema bila kupandisha sauti, "Mimi sirudi, bosi. Kama kampuni lazima iende, iende. Namba mchukue, na sauti ya Bibi mchukue. Mimi nitaanza nyingine hapa hapa."

"Sauti yangu haiendi," nikasema.

"Bibi, nyamaza kidogo."

Nikanyamaza. Ni mara chache, andikeni.

Yule bwana akatoka nje na simu yake, akawa anatembea barazani kwenda na kurudi, kuku wanampisha. Mimi nilikuwa mlangoni nachambua dagaa waliokwisha kuchambuliwa. Namsikia: "Kimsingi, hapana... hapana, sikilizeni... hamjaona, mtu kaja na dumu... ndiyo, dumu... tumelimaliza akiwa anakula... Nasema hivi, tusimpeleke mwenzetu huko. Sisi ndiyo tulete watu hapa." Upande wa pili wakambishia. Mtoto kasimama nyuma yangu, mkono wake kwenye bega langu, unabana mpaka nikataka kusema aa. Halafu bwana akasema, "Mbali na wapi?" Akasikiliza. "Ndiyo, ndiyo nauliza. Mbali na wapi?"

Kaingia ndani anafuta jasho. Wamekubali, wataongezwa watu wawili kutoka Dar, na mashine nyingine, na ofisi inabaki Ujiji. Kuhusu mitaji, yeye ndiye atakayekuwa anapanda ndege. Kisha akatazama chumba, akatazama waya, mkeka, kiti kile cha plastiki. Akauliza, "Sasa hao wawili watakaa wapi?"

Nikamwona mjukuu wangu anageuza macho, polepole, kwenye pazia la chumba changu cha kulala. Kile kikubwa. Chenye dirisha la upande wa ziwa, upepo unaingia.

"Mke mwenza," nikamwambia, "usinitanie."

"Bibi, kile cha uani kina baridi nzuri."

"Kile cha uani ni cha kuku!"

"Kuku watahama."

"Kwa hiyo mimi ndiye narithi kwa kuku. Nimekupokea na mabegi yako, nimekupa duka la mume wetu, nimekupa sauti yangu, sasa unanitoa kitandani. Babu yako angekuwa hai angekupa talaka leo leo!"

Huku nasema hivyo nimeshatandua shuka. Nimeshakunja chandarua, nimeshasogeza sanduku langu kwa mguu mpaka uani. Mwisho kikabaki kitanda chenyewe, cha mninga, kizito kama deni la mahari. Bwana wa Dar akakunja mikono ya shati, akashika upande wa miguuni. Mtoto akashika upande wa kichwani. Mimi nikashika khanga na mdomo.

"Polepole mlangoni! Kimsingi, inueni! Mwanangu, usikigonge, kitanda hicho ndicho kilichomzaa mama wa huyo mke mwenza wangu, ambaye sasa ndiye bosi wako."